Mkono Kwenye Paji la Kinyozi

Jumatatu asubuhi mwalimu mstaafu alivuka uchochoro kwa fimbo, akapanda ngazi za nyumba ya Kinyozi moja moja huku akilitukana goti lake, akavua viatu mlangoni na kuingia kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa amebeba supu ya kuku aliyoipika mkewe. Alikaa kwenye stuli, akauliza usingizi ulikuwaje, akasikiliza jibu lote, kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso la Kinyozi na kusema, "Ugua pole, ndugu yangu." Alisema kwa moyo, kwani Kinyozi alikuwa amemnyoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alipoinuka, goti halikuuma. Alishuka ngazi bila kuangalia chini, na alikuwa ameshafika nyumbani ndipo akakumbuka fimbo.

Mkewe ndiye aliyerudi kuichukua. Yeye alikuwa na kikohozi kilichomganda tangu miezi ya vumbi, na kwa kuwa alishafika, aliona si adabu kuondoka bila kumpa mgonjwa pole.

Mchana Kinyozi alianza kulalamikia goti la kulia. Jioni alikohoa.

Watu wa uchochoro ule hawakuliona hilo kuwa jambo la kupigia kelele. Kinyozi alikuwa mtu wa kupokea tangu zamani. Walikuwa wakiketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, wakafungwa shuka shingoni, wakamwachia ndoa zao, kesi zao na watoto wao wasiosikia la mkuu wala la mdogo. Wakaondoka wepesi, naye akafagia nywele na mambo yao pamoja. Sasa alikuwa akipokea kitandani badala ya kazini, basi.

Kilichomlaza kilikuwa chake mwenyewe: uvimbe chini ya mbavu, mkubwa kama yai. Daktari wa hospitali kubwa alisema uvimbe wa namna ile ukikatwa mapema mtu anarudi kazini. Ukiachwa unashika ini, na ukishashika ini hakuna wa kuung'oa. Lakini hakati mtu mwenye homa, alisema, wala asiye na nguvu za kusimama. "Mpumzishe. Ale. Homa ishuke. Siku utakayomleta hana homa, namkata siku hiyohiyo." Mke wa Kinyozi hakuuliza swali jingine. Alirudi nyumbani akiwa na kazi moja duniani, kushusha homa.

Huyu mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa dirishani, katika chumba hichohicho alimolala mgonjwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, mtoto wa jicho aliyekuwa akikua polepole. Hakumwambia mtu. Mshonaji asiyeona ni bora aitwe mama wa nyumbani, na yeye hakutaka kuitwa hivyo. Alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na wateja walidhani ni ufundi.

Yasisemwe mabaya juu ya majirani kabla ya wakati wake. Walikuwa watu wema. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Mama Zamu kwa sababu penye harusi, msiba au mafuriko, yeye ndiye aliyepanga nani afanye nini. Kinyozi alipolala, Mama Zamu alipanga zamu. Huyu akateka maji, yule akafua mashuka, mwingine akapanda juu ya paa akaziba palipokuwa pakivuja. Chakula kililetwa kikiwa moto. Hakuna aliyeambiwa mara mbili, na hakuna aliyesimanga. Mke wa Kinyozi alilia kwa shukrani siku ya kwanza, na machozi yale yalikuwa ya haki.

Kisha habari ya goti la mwalimu ikatembea, tena ilitembea bila fimbo.

Akaja kondakta mwenye jino bovu. Akaja mke wa muuza mkaa, mwenye mimba changa iliyomtapisha kila asubuhi. Akaweka mkono, akarudi kwake akala viazi sahani nzima. Akaja fundi bomba na ukurutu wake. Akaja mlevi wa mtaa aliyeitwa Meneja, ingawa maishani mwake hakuwahi kusimamia chochote zaidi ya ukuta uliomsimamisha yeye. Meneja alifika kila asubuhi na kichwa cha pombe ya jana, akamwonea Kinyozi huruma hadi machozi yakamtoka, akaondoka na kichwa safi kwenda kutafuta kingine. Wote walikuja na kitu mkononi. Hakuna aliyekuja mikono mitupu; hilo lingekuwa aibu.

Kinyozi alilala akitapika mimba isiyo yake, akijikuna, shavu limevimba. Homa ilipanda.

Kanuni ya jambo lenyewe ilijulikana siku alipokuja shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa nyonga mbovu na maneno machache. Siku zote aliamini kwamba Kinyozi ni mvivu aliyechagua kazi ya kusimama kivulini. Aliweka kiganja kwenye paji, akasema "Ugua pole" kama anayelipa nauli, akangoja. Akatoka akichechemea vilevile alivyoingia. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walitazamana, na Mama Zamu akaeleza kwa niaba yao.

"Huyu hana huruma," alisema. "Maumivu hayaondoki bila huruma."

Ikaeleweka. Kuanzia hapo watu walijiandaa kabla ya kuingia. Walikaa kwenye benchi wakakumbushana mema ya Kinyozi: alivyomnyoa marehemu fulani akiwa mahututi, alivyoimba ili watoto wasiogope mashine. Mwenye machozi ya karibu alitangulizwa, na mwenye moyo mgumu alisaidiwa na wenzake mpaka ukalainika. Haikuwa unafiki. Walipofika kitandani, walikuwa wakimhurumia kwelikweli, na ndiyo maana walipona.

Mke wa Kinyozi aligusa paji lile mara nyingi kuliko wote, kupima homa, na ukungu wa jicho lake haukuhama. Watu waliliona hilo, ingawa hawakujua habari ya jicho. Waliona mafua yake yakibaki naye, na kidole chake kilichochomwa na sindano kikibaki kimevimba.

"Maskini, hamwonei huruma mumewe," walisema. "Kuna wanawake wameumbwa hivyo."

Siku mume alipotapika mpaka asiweze kumeza maji, mke alifunga mlango. Mama Zamu alikuja na supu, akakuta mlango umefunguliwa nusu na mwanamke amesimama kwenye ile nusu.

"Mgonjwa anataka kupumzika, Mama."

"Tutapumzika naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukufundishwa kwenu?"

"Hapa wageni ndio wanaopona."

"Sasa ubaya uko wapi? Mtu kuwafaa wenzake akiwa amelala, ni wangapi wamejaliwa?" Mama Zamu alihamisha chungu cha supu mkono wa pili. "Maji nani anakutekea?"

"Ninyi."

"Mashuka nani anayafua?"

"Ninyi, Mama. Mungu awalipe."

"Mungu ameshaanza kutulipa, na wewe unatufungia mlango."

Mlango ulifungwa hata hivyo. Supu ilirudi ilikotoka.

Maji hayakuletwa tena, na mke aliteka mwenyewe, ndoo kichwani, akipita mbele ya watu waliomwitikia salamu kwa shingo upande. Uchochoro ulianza kuamka na maumivu yake wenyewe na haukupenda. Mke wa muuza mkaa alitapika mtaroni, akainua uso kulitazama dirisha la Kinyozi kama anayetazama duka lililofungwa mapema. Meneja alikuja kila asubuhi akaegemeza paji lake kwenye ukuta wa nje, upande wa kitanda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" alipaza sauti mtu mmoja. Sauti ilikuwa ya mwalimu, ambaye goti lake lilikuwa zima ila alisemea wengine.

Ndani, homa ilianza kushuka. Kichwa cha Meneja kilikwisha, kwa kuwa kichwa cha pombe hakidumu kisipoongezewa. Kichefuchefu kilikwisha. Mafua ya watu mbalimbali yalikwisha moja baada ya jingine. Goti, jino na ukurutu vilibaki, lakini hivyo havipandishi homa. Kinyozi alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani, akaomba kioo, akajinyoa ndevu mwenyewe akiwa amekaa. Mkono haukutetemeka.

"Hili goti la mwalimu lina akili," alisema. "Linajua mvua kabla ya redio."

"Nyamaza ule."

"Nikipona nitawanyoa wote kipara. Hata Mama Zamu."

Mkewe alicheka hadi akaacha kukanyaga cherehani. Ilikuwa muda mrefu hajacheka, na kicheko kilimtoka vibaya, kwa kukwaruza. Alipoendelea kushona, Kinyozi alimwangalia, akaona anashona mkono wa shati ukiwa umegeuzwa ndani nje.

"Jicho lako," alisema.

"Jicho langu ni langu."

"Tangu lini?"

"Kula."

"Niwekee mkono. Mimi nimebeba la mlevi, nitashindwa la mke wangu? Dari hii nimeshaijua yote, sihitaji macho mawili kuiangalia."

Mke wa Kinyozi alikata uzi kwa meno. "Nikuonee huruma, kwani umekufa?" alisema. "Wao wanakuhurumia kwa sababu wameshakuzika nusu. Mimi nakuhitaji urudi kazini. Kuna mtu wa kumhurumia na mtu wa kugombana naye, na wewe ni wa kugombana naye." Akageuza ule mkono wa shati, akaanza upya.

Yalikuwa maneno ya mapenzi, na mumewe aliyapokea hivyo. Alilala usingizi mzuri.

Asubuhi iliyofuata kipimajoto kilisema hana homa. Mke alikitazama kwa jicho la kulia, akakitikisa, akapima tena. Hana homa. Ilibaki kumfikisha hospitali.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gari halikuingia uchochoroni, na kutoka nyumbani mpaka barabara kuu palikuwa na ngazi ambazo hata mkokoteni haukuzishuka. Kinyozi aliweza kusimama, lakini hatua chache zilimmaliza. Mke alimweka mgongoni, akafika mlangoni, magoti yakakataa. Alimrudisha kitandani, akaenda mbio kwa kaka yake, kwani alikuwa amewaza vizuri: alihitaji mikono yenye nguvu isiyokuwa na huruma, na mikono ya namna hiyo aliijua ya mtu mmoja tu.

"Nyonga inauma," alisema kaka yake, bila kuinuka. "Hata hivyo, ajitahidi atembee. Kulala sana nako ni ugonjwa."

Ndivyo ilivyo. Asiye na huruma hakuja, na mwenye huruma alikuwa na jino lake.

Mke alisimama uchochoroni kwa muda. Kisha akaenda kubisha kwa Mama Zamu, ambaye alimkumbatia kabla hajamaliza sentensi na kulia begani kwake. "Ulikuwa unangoja nini, mwanangu? Sisi ni wa nani kama si wenu?" Sauti ile ya ng'ambo ya barabara ikaita. Watu walitoka wakiwa bado wanavaa mashati. Wanaume walikwenda kibandani kwa Kinyozi, wakafungua kile kiti cha kuzunguka kutoka kwenye mguu wake, wakakifunga miti miwili, wakaja nacho. Hakuna aliyetaja habari ya mlango. Mtu akiwa na shida, mambo madogo huwekwa kando.

"Msimguse usoni," mke aliwaomba. "Nawapigia magoti. Leo tu."

"Nani amguse? Hatumgusi," walisema, na walikusudia hivyo.

Yeye mwenyewe alimfunga mumewe taulo kichwani, likashuka mpaka kwenye nyusi. Wakamketisha kwenye kiti chake. Wakamwinua.

Walimbeba kwa uangalifu kuliko anavyobebwa bibi harusi. Aliyekuwa mbele alitaja kila ngazi ili wa nyuma asijikwae. Lakini Kinyozi kwenye kiti kile, mahali walipokaa wao miaka yote, amefungwa taulo, amekonda, shavu limevimba kwa jino la kondakta, alikuwa mtu wa kusikitikiwa, na hakuna aliyeweza kumtazama akabaki mkavu. Kila lango lilikuwa na watu. Jua lilikuwa kali. Jasho lilimchuruzikia Kinyozi machoni, na Mama Zamu, aliyekuwa akitembea kando yake akimpepea kwa upande wa kanga, akaona yanamwasha. Akainua taulo amfute. Alimfuta vizuri. Mkono wake ukabaki pale kidogo.

"Ugua pole, baba," alisema. Alikuwa na jipu kwapani ambalo hakumwambia mtu, kwa sababu mwenye kupanga zamu haumwi.

Baada ya hapo taulo halikurudi mahali pake. Mikono ilitoka malangoni na madirishani, ikatoka hata kwa wale waliobeba miti, waliobadilishana bega ili mkono mmoja upate nafasi. Mke alipiga kelele. Alipiga mikono ile, akang'ata mmoja, akamkwaruza kondakta usoni. Hakuna aliyemkasirikia. "Mwacheni, ana uchungu," walisema, na mwanamke mmoja akamshika kiunoni kwa upole ili asiumie, akamshikilia hadi barabara kuu.

Daktari aliweka kipimajoto, akasubiri, akasoma, akatikisa kichwa. Alibonyeza tumbo chini ya mbavu, akabonyeza tena pembeni. Kisha akamwambia mke kwamba mgonjwa ana homa kali, jipu, mapafu yenye kikohozi cha watu kadhaa na dalili za mimba ya miezi mitatu, na kwamba hawezi kukatwa. Uvimbe nao umeanza kushika ini. Alisema arudishwe nyumbani apumzike.

"Alikuwa hana homa," mke alisema. "Leo asubuhi hakuwa nayo. Nilipima mara mbili."

"Nakuamini," alisema daktari. Alikuwa mtu mwaminifu aliyefanya kazi saa nyingi mno, na kipandauso kilikuwa kimemkaa juu ya jicho tangu alfajiri. Aliweka kiganja kwenye paji la Kinyozi. "Pole sana, mzee wangu," alisema, akakunja uso, akaukunjua. Akatazama taa ya dari bila kufumba macho. "Mleteni tena wiki ijayo," aliongeza. "Nataka nimwone mimi mwenyewe."

Walimrudisha kwa kiti kilekile, polepole, wakiimba kwa sauti ya chini ili kumchangamsha. Ndoo za maji zilikuwa zimeshajaa mlangoni walipofika. Mama Zamu alitandika kitanda kwa mikono yake, akamwambia mke asiwaze, zamu zinaanza kesho. Kisha wakawaacha wapumzike.

Jua la jioni liliingia chumbani likafika kwenye cherehani. Mke wa Kinyozi alimvua mumewe shati, akamkanda kwa kitambaa cha maji. Alikanda goti la mwalimu, akakanda jipu la Mama Zamu, na juu ya jicho palipokuwa pakipiga maumivu ya daktari. Mwisho alifika chini ya mbavu, mahali pekee palipokuwa pa mumewe mwenyewe, akahisi kwa vidole kwamba yai si yai tena, lina mizizi. Kinyozi alikuwa amefumba macho. Hakulalamika, kwa sababu hakujua aanze na la nani.

Aliweka kiganja kwenye paji lake kupima homa, kama alivyofanya kila siku. Hakusema ugua pole. Moyoni tu lilimpita neno moja, maskini wangu, likapita lenyewe bila kuitwa.

Ukungu uliondoka kwenye jicho lake la kushoto.

Aliona nyuzi za shuka, uzi mmoja mmoja. Aliona sindano kwenye cherehani kule dirishani, na tundu la sindano. Kisha akauona uso wa mumewe, wote, kwa macho yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu augue, akaona ulivyokuwa umekwisha siku nyingi. Aliutoa mkono haraka kama aliyegusa jiko. Aliurudisha, akausugua pale pajini, akajaribu kukumbuka ugomvi wowote, kipara cha Mama Zamu, chochote. Jicho lake liliendelea kuona vizuri.

Kinyozi alifumbua macho. La kulia lilikuwa jeusi. La kushoto lilikuwa limetanda weupe mpaka pembeni. Aligeuza kichwa polepole, akamtafuta mkewe kwa lile moja mpaka akampata.

"Na wewe?" alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, mkewe angepata la kujibu. Alilia mpaka jua likatoka kwenye cherehani, kisha akatunga uzi, uzi ukaingia mara ya kwanza, akamaliza mashati yote yaliyobaki. Mishono ilinyooka.

Asubuhi walibisha hodi. Mama Zamu alikuwa mbele na supu, nyuma yake mwalimu, mke wa muuza mkaa, kondakta mwenye mkwaruzo shavuni, na Meneja akiwa ameshika kichwa. Mke wa Kinyozi alifungua mlango wote, kwa kuwa hakuwa na sababu tena ya kuufungua nusu. Aliwaona vizuri sana, mmoja mmoja. Walikuwa na afya njema.

"Ameamkaje mgonjwa?" aliuliza Mama Zamu.

"Karibuni," alisema. "Mkiingia, kaeni upande wa dirishani. Ndiko anakoona."